Wembe Uliosuguliwa kwa Mchanga

Mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo naichukia. Aliyeitunga alifikiria kidole cha mtoto tu, wembe wenyewe hakuufikiria hata kidogo, na nina hakika hajawahi kunoa wembe maisha yake yote. Waliokuja kulilia wembe wangu hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima wenye heshima zao, wakapewa, na aliyeumia hakuwa miongoni mwao.

Wembe huo niliupata kwa baba yangu. Alikuwa mnyozi wa misheni kule Kapolowe, akiwanyoa mapadri na masista wakiwa wagonjwa, na wakulima siku ya Jumamosi. Kaka zangu walikuwa na haraka, kwa hiyo kunoa alinifundisha mimi. Nilipoolewa Likasi alinifungia vitu vitatu katika kitambaa: wembe wa kukunja wenye mpini mweusi, jiwe la rangi mbili ambalo padre mmoja alimwachia alipokuwa anarudi kwao, upande mmoja wa rangi ya siagi na mwingine wa rangi ya majivu, na mkanda mpana wa ngozi. Hakunipa sufuria hata moja. Alimwangalia mume wangu kidevuni akasema, "Huyu ndevu zake ni waya. Utaona."

Nikaona. Ndevu za mume wangu ziliota zikijikunja. Ukizinyoa kwa wembe mkali, uso unabaki laini kama wa mtoto. Ukizinyoa kwa wembe butu, zinarudi kuchoma ngozi kutoka ndani, shingo inajaa vipele, na mtu mwenye vipele hanyoi kesho yake, maana inauma. Kwa mwanaume mwingine hilo lingekuwa jambo la urembo tu. Kwa mume wangu lilikuwa jambo la pumzi.

Alifanya kazi katika kiwanda cha asidi. Humo ndani walivaa barakoa ya mpira, maski kama walivyoiita wenyewe, inayobana uso mzima kuanzia paji hadi chini ya kidevu. Ikibana vizuri, gesi haiingii. Lakini mpira haubani juu ya ndevu. Ndevu za siku mbili zinatosha kupitisha gesi, na gesi ile haibishi hodi. Alinionyesha siku za mwanzo za ndoa yetu, kwa majivuno ya kijana mwenye kazi: akavaa maski, akaziba matundu kwa kiganja, akavuta pumzi, na mpira ukamng'ang'ania usoni. "Unaona? Hapo nimefunga mlango," akasema. Tangu siku hiyo nilijua kazi yangu. Yeye alifunga mlango, mimi nilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa wembe.

Mwanzoni hatukuutegemea sana. Duka la Mgiriki karibu na soko liliuza lame, zile nyembe nyembamba za kutupa, katika pakiti za karatasi. Kisha ikaja miaka ya kuvuliwa. Tulivuliwa majina ya ubatizo, wanaume wakavuliwa tai, tukawa sote citoyen na citoyenne, yaani mwananchi mume na mwananchi mke. Haya. Mgiriki naye akavuliwa duka, likapewa citoyen mmoja mnene ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiuza hata chumvi. Aliuza vilivyokuwepo mpaka rafu zikabaki na vumbi na picha ya mkubwa wa nchi ukutani, akafunga mlango, akanunua gari. Lame zikapotea. Watu wakaanza kujinyoa kwa vipande vya chupa, sisemi uongo. Na katika barabara yetu yote ya kambi ya wafanyakazi, wembe wa kweli ulibaki mmoja.

Kuutunza kulitaka akili na subira, na subira mimi sikuzaliwa nayo. Niliazima kwa baba. Kila asubuhi, kabla mume wangu hajanyoa, niliuvuta kwenye mkanda niliokuwa nimeupigilia msumari kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Mgongo wa wembe unatangulia, makali yanafuata. Ukifika mwisho unaugeuzia juu ya mgongo wake, hauugeuzi juu ya makali, kisha unarudi. Mara ishirini. Kwenye jiwe ni kinyume, makali ndiyo yanatangulia, na jiwe lilikuwa la mara moja kwa mwezi tu, kwa maji na mkono mwepesi. Baada ya kunyoa niliukausha na kuupaka mafuta ya cherehani, kwa sababu moshi wa viwanda ulikuwa unakula chuma hata ndani ya kabati. Niliujaribu kwenye nywele za malaika za mkono wangu wa kushoto. Mkono huo ulikuwa na kipara cha kudumu, na majirani walicheka.

Mume wangu alijaribu kunisaidia mara moja. Aliuvuta kwenye mkanda makali mbele, akakata ngozi ya baba yangu kipande cha urefu wa kidole. Nilimfukuza jikoni kama kuku.

Sasa niwaeleze kilichoniudhi, na bado kinaniudhi.

Katika ukoo wa mume wangu, mtu akifa, siku ya kumaliza kilio wafiwa wananyolewa vichwa. Si mmoja wala wawili. Ni wote waliolala kwenye mkeka. Na mkubwa wa ukoo huo pale mjini alikuwa kaka wa mume wangu, shemeji yangu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuhubiri, aliyekuwa akileta samaki kutoka ziwa Tshangalele na kuwauzia watu wa kambi. Mtu mwema. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba alikuwa mwema. Ukimnyima kitu, ungejiona wewe ndiye mbaya.

Alikuja mara ya kwanza mama yao mdogo alipofariki. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, tuko na kilio. Banaume na banamuke bote beko na nywele. Tunaomba ule wembe."

Nani atanyima wembe kwenye kilio? Nilimpa, nikiwa nimeuvuta vizuri, nikamwambia, "Uurudishe safi." Neno hilo nililisema kwa kinywa changu mwenyewe. Safi.

Ulirudi baada ya siku mbili, umefungwa katika kitambaa cheupe, unang'aa kama sarafu. Niliufungua nikaona makali yamekufa. Hayakuwa yamechoka kwa vichwa kumi na vinne, maana hilo ningelielewa na kulirekebisha kwa nusu saa. Yalikuwa yamekwaruzwa kote, mistari mistari, kama sufuria iliyosuguliwa chini. Nikaenda nyumbani kwa shemeji kwa miguu, wembe mkononi, watu wananipisha njia.

"Mulifanya nini na kintu yangu?"

Akashangaa kwelikweli. "Lakini shemeji, weye ulisema safi. Banamuke balisugula na muchanga ya mutoni na majivu. Kila wembe ya kilio banasugulaka vile, juu lufu isifuate mwenye wembe ku nyumba. Tulikuwa tunakulinda."

Walikuwa wananilinda. Nywele za mfiwa, walisema, zina lufu, yaani kifo, ndani yake, na wembe ukirudi bila kusuguliwa, unakibeba kifo hicho na kukipeleka kwa mwenyewe. Kwa hiyo kadiri walivyokupenda ndivyo walivyosugua kwa nguvu. Mimi walinipenda sana. Wanawake watatu walipokezana.

Nilijaribu kueleza. Nilisema kifo nyumbani kwangu hakiingii kwa nywele, kinaingia kwa maski. Nilisema nywele za wembe zinaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, inatosha, mapadri wote wa Kapolowe walinyolewa hivyo na walikufa kwa uzee. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema mapadri hawana ukoo.

Ilinichukua alasiri nne kuurudisha. Upande wa majivu wa jiwe kwanza, kisha upande wa siagi, kisha mkanda. Vidole vilikunjamana kwa maji. Mume wangu siku hizo alinyoa kwa kipande cha lame kilichotumika alichopewa na mwenzake, akarudi na shingo iliyojaa damu. "Usikasirike, mama," aliniambia. "Ni bandugu." Nilimjibu kwamba ndugu waje kumvutia pumzi basi, siku maski itakapovuja. Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na ningependa kusema kwamba nilimpenda kwa hilo, lakini siku hizo kicheko chake kilinitia hasira kuliko kilio cha wengine.

Basi nikaweka sheria: wembe wetu hauazimwi. Akitaka mtu kunyolewa kwa ajili ya kilio, nitakwenda mimi mwenyewe, nitawanyoa kwa mkono wangu, na nitauosha kwa mkono wangu. Nilifikiri nimepata dawa. Shemeji akaja kwa upole kuniambia kwamba haiwezekani. Mke wa nje ya ukoo hawezi kushika vichwa vya wafiwa. Wembe wake unaweza, mkono wake hauwezi. Nilicheka kwa hasira mpaka nikakohoa. Wembe wangu ni wa ukoo, mimi si wa ukoo!

Nikauficha. Nilianza kuuhamisha: leo kwenye unga, kesho chini ya godoro, kesho kutwa ndani ya bati la biskuti nyuma ya mkaa. Asubuhi niliutoa, nikauvuta mara ishirini, mume wangu akanyoa, nikauficha tena. Walikuja kwa vilio viwili nikawaambia umevunjika mpini, upo kwa fundi. Walijua nasema uongo. Walianza kuniita mwanamke wa wembe, na sokoni wake wa ukoo walinisalimu huku wakiangalia mbali. Sikujali. Mume wangu alikuwa na uso laini na alikuwa anapumua.

Kisha baba yangu akaugua, nikaenda Kapolowe na watoto wangu kumwangalia kwa wiki moja. Nilimwonyesha mume wangu bati la biskuti. Nilimwapisha.

Niliporudi nilijua kabla sijatua mzigo. Alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya mlango na shingo yake ilikuwa nyeusi kwa ndevu za siku tatu.

"Uko wapi?"

Aliingia ndani akautoa, umefungwa katika kitambaa cheupe.

Mtoto wa shemeji alikuwa amefariki, binti yake wa kwanza. Shemeji mwenyewe alikuja akilia, hata hakuomba, alisimama tu mlangoni akilia. "Ningemwambia nini?" mume wangu aliniuliza. "Mutoto yake, mama. Ningemwambia nini?"

Nilifungua kitambaa. Walikuwa wamesugua kuliko mara ya kwanza. Mchanga ulikuwa bado kwenye kiungo cha mpini, na katikati ya makali kulikuwa na pengo la ukubwa wa punje ya mtama, ambapo jiwe dogo lilikuwa limekutana na chuma. Baba mwenye uchungu wa mtoto alikuwa amesugua kwa mikono yake mwenyewe, nilikuja kujua baadaye, akilia, ili kifo kile kisimguse mdogo wake.

Nilimtukana mume wangu. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia yeye ndiye mtoto anayelilia wembe, yeye na ukoo wake wote. Kisha nikavua kitenge cha safari, nikachota maji, nikaanza. Pengo haliondoki kwa jiwe la siagi. Unalazimika kula makali yote mpaka ufike chini ya pengo. Niliomba jiwe la seremala jirani nikasugua mpaka jioni. Nikaamka nikaendelea.

"Usiende leo," nilimwambia asubuhi hiyo, huku nasugua. "Sema unaumwa."

"Nikisema naumwa wataniuliza mbona natembea." Akachukua kopo la vazelini akajipaka ndevu zote, taya, kidevu, chini ya shingo. Wenzake walikuwa wakifanya hivyo, alisema, mpira unashika kwenye mafuta. Alikuwa anang'aa kama mandazi. Akanitania kwamba ningemla. Sikucheka, na sikuinua kichwa kumwangalia akitoka, kwa sababu nilikuwa na hasira na kwa sababu pengo lilikuwa limebaki dogo kabisa.

Mchana bomba lilipasuka upande wao. Wanaume kumi na mmoja walitoka humo wakikimbia, wamevaa maski. Kumi walitapika na kulia machozi na kurudi kazini wiki hiyohiyo. Wa kumi na moja alikuwa na vazelini usoni. Jasho la mle ndani lilikuwa limeiyeyusha yote.

Aliletwa nyumbani baada ya wiki tatu za hospitali. Sauti yake ilikuwa imebaki hewa. Wembe ulikuwa tayari, niliumaliza jioni ya siku ileile ya bomba, unakata unywele ukiwa unaanguka. Nilikuwa nimeufikisha kwenye ukali ambao hata baba yangu hakuwahi kuufikisha. Wa nini?

Walimtoa kiwandani wakamweka mlinzi wa geti. Mlinzi havai maski, na mume wangu akaacha kunyoa. "Sasa nina likizo ya wembe," alinong'ona. Ndevu zikaota, zikaingia mvi upande mmoja. Nilizichukia ndevu zile kama mtu anavyomchukia mgeni aliyekuja na mizigo yake yote. Bado niliuvuta wembe kila asubuhi kwenye mkanda, mara ishirini, na yeye akiwa kitandani alisikia mlio wake na kuhesabu kwa vidole kwenye blanketi. Akifika ishirini alipumzika. Hatua kumi mpaka chooni zilikuwa zinamtosha kwa asubuhi nzima.

Shemeji alikuja mara nyingi na samaki. Alimletea wale wakubwa na hakutaka chochote. Hakuwahi kusema neno kuhusu wembe, na mimi sikuwahi kumpa kiti. Mume wangu ndiye aliyemwita akae. Hata kwa pumzi ile ya nusu alimwita akae.

Alivumilia miaka minne, akafa mwanzo wa mvua. Kabla hawajamweka kwenye jeneza nilimnyoa. Nilisema atakayenizuia na ajaribu, na hakuna aliyejaribu. Ndevu zote zilitoka na chini yake uso ulikuwa laini, wa yule kijana aliyeziba matundu ya maski kwa kiganja mbele yangu. Sikumkata hata mara moja.

Siku ya kumaliza kilio tulikaa mkekani. Mjane ananyolewa wa kwanza. Wanawake wa ukoo waliangaliana, kila mmoja akingoja mwingine aombe wembe. Nikainuka mwenyewe, nikaenda jikoni, nikatoa bati la biskuti, nikawapa wembe wangu. Sikuwa na sababu tena ya kuuficha.

Mwanamke aliyeninyoa alikuwa na mkono mzuri. Wembe ulipita kichwani kwangu bila kuvuta hata unywele mmoja, na nilimsikia akimnong'oneza mwenzake kwamba hajawahi kushika wembe kama huo. Wakanyoa watoto wangu, wakanyoa wengine, wa mwisho akiwa shemeji. Kisha nikamwona akiinuka na kichwa chake kipya, anachukua wembe, na miguuni pake iko sahani ya mchanga wa mtoni na majivu. Kazi hiyo aliitaka mwenyewe. Alikuwa analia.

Niliushika mkono wake.

"Shemeji," alisema, "acha nisugule. Lufu isirudie hapa ku nyumba yako."

Niliutoa wembe vidoleni mwake. Nikauosha kwa maji ya moto na sabuni mbele ya wote, nikaukausha kwa kitenge nilichokuwa nimevaa, nikaenda kwenye fremu ya mlango wa jikoni ambapo mkanda wa baba yangu ulikuwa bado unaning'inia na ule mkato wake wa urefu wa kidole. Nikaanza kuvuta. Mgongo mbele, makali nyuma. Nikageuza. Ukasikika mlio wa ngozi tu.

Alinifuata mpaka mlangoni. "Shemeji, unanoa juu ya nani tena? Nani atanyoa nayo?"

"Juu ya ndugu yako," nilimwambia. "Kesho asubuhi iko anaenda ku kazi."

Alisimama pale mpaka nilipofika ishirini. Kisha akarudi mkekani, akaiokota ile sahani ya mchanga, akaenda kuimwaga nje.